Isale Halitumwi

Njoro, Moshi
Jumatatu, 24 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shangazi Eunike na huyo ng'ombe wenu mwenye kiburi. Nampa Rogath, dereva wa pikapu ya maziwa, maana amesema anapita hapo kila asubuhi. Nimeona nikuandikie kwa karatasi kama ulivyotuzoesha tukiwa bwenini. Simu husikii, na SMS si kitu cha kumwandikia baba.

Nataka ulisikie kwangu mwenyewe: nimehama ule mtandao mkubwa. Baada ya yale yaliyotokea sikuweza kukaa tena. Najua ulidhani unaniandikia mimi peke yangu. Lakini maneno yako, "Elisifa, rudi kwa mumeo, sisi hatukulea watoto wa kukimbia nyumba," uliyaweka chini ya picha ya gauni nililoshona, mbele ya watu wengi kuliko waumini wa usharika wetu wote. Wakayachukua, wakayasambaza, wakayatengenezea stika. Mpaka leo nikipita Pasua kununua vifungo kuna vijana wanaoniita "Rudi kwa mumeo". Na Julius mwenyewe ana nyumba nyingine Arusha, na mwanamke ndani yake, jambo ambalo hukuniuliza. Nimeyasema mara moja, sitayarudia.

Nilikohamia panaitwa Mafigani. Nitakueleza kwa namna yako. Ule mtandao mkubwa ni kama shamba la mkoloni: mwenye mali ni mmoja, sisi wengine vibarua, na yeye ndiye anayeamua nani aonekane na nani afichwe. Mafigani ni kihamba, kama shamba letu la nyumbani. Ni kidogo, kina mtu anayekipalilia, kimezungushiwa masale yake, na kina vinjia vya kwenda kwenye vihamba vya majirani. Vihamba viko vingi, vya kila lugha, vinapitishiana habari kama sisi tunavyopitishiana maji ya mfereji wa mfongo, ila hakuna mmoja anayemiliki mlima mzima.

Anayekitunza ni dada mmoja wa Tukuyu, Doris. Haoni. Simu yake humsomea kwa sauti. Kwa hiyo ukiweka picha pale, desturi ni kuandika chini yake kilichomo, ili na yeye aione. Mwanzoni niliweka picha ya gauni, nikaandika "gauni la kijani". Akaniuliza: kijani gani? Nilikaa na swali hilo kutwa nzima, mguu uko kwenye cherehani. Nikamjibu: kijani cha jani la mgomba likiwa bado limejikunja. Akasema sasa ameliona.

Wateja nimepoteza, sitakuficha. Watu wa Mafigani wako mbali, hakuna wa kuja Njoro kupimwa kiuno. Siku nyingine naweka kitu asubuhi na hakuna anayejibu mpaka jioni, na kimya kile kinanitisha kidogo kwa sababu nilizoea kelele. Lakini nalala usingizi.

Nirudishie barua hii na wino wako mwekundu. Najua mkono unakuwasha.

Mwanao,
Elisifa


Marangu
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mwanangu Elisifa,

Marahaba. Barua yako imefika, inanuka maziwa. Nimeisoma mara mbili. Sikuisahihisha. Mtu mzima aliyekwisha kuamua mambo yake hasahihishwi tena.

Jibu lako nililipata. Lilikuwa fupi lakini linaeleweka, nami sitakusumbua tena kwa jambo lile. Nakuomba tu ujue kwamba sina kinyongo, na kwamba habari za Julius na Arusha zimenichoma. Mwalimu huuliza kwanza.

Mvua zimeanza vizuri. Ng'ombe amezaa ndama jike, na Eunike amempa jina la mke wa mchungaji. Namwomba Mungu jambo hilo lisivuke ua. Mgomba wa mshare wa karibu na zizi umeanguka kwa uzito wa mkungu wake, tumekula kiburu cha ndizi na maharage wiki nzima hadi nikakichukia.

Maelezo yako ya kihamba nimeyafurahia kama mwalimu. Nina swali. Hicho kihamba chenu kina makaburi? Hapa tunajua pa kwetu ni pa kwetu kwa sababu waliotuzaa wamelala humo, na mama yako yupo nyuma ya nyumba, nikitoka asubuhi namwona. Hao wa Mafigani wakizima taa, nani atajua mlikuwepo? Sibishi. Nauliza.

Swali la pili ni langu mwenyewe. Unajua hali ya masikio yangu. Kanisani naona midomo inacheza tu. Harusini watu wananipigia kelele kama wanafukuza ngedere shambani, kisha wanachoka, wananiachia sahani ya pilau nikae nayo. Nilipojifunza ile simu ndipo nilipoanza tena kukaa na watu, maana maandishi hayataki masikio. Sasa kule nako sina hamu nako. Je, huko ulikohamia wewe, wazee wanapokelewa? Sitaandika neno lolote penye mambo yako. Nitakaa pembeni nisome.

Baba yako,
Mwl. N. Mtui


Njoro
Jumapili, 27 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kutokuja Pasaka. Baada ya Kwaresima kila mtu anaoa, na mimi nina magauni ya wasimamizi mpaka chini ya kitanda. Asante kwa ndizi, na hongera kwa ndama. Mwambie shangazi nimecheka peke yangu hadi mama mwenye nyumba akabisha hodi.

Kuhusu lile jibu langu fupi, nashukuru kwamba umelielewa. Nililiandika kwa hasira, lakini nilimaanisha. Nilihitaji kupumzika, Baba. Bado nahitaji.

Kuhusu Mafigani: ni pagumu kidogo kwako. Kuingia kwenyewe lazima uandike maombi na ujieleze wewe ni nani, kisha mlezi ayasome. Halafu kuna mambo ya seva, na kuchagua unayetaka kumfuata mmoja mmoja, maana pale hakuna mashine ya kukuletea watu mlangoni. Usipomtafuta mtu, humwoni. Acha kwanza nizoee mwenyewe. Nikija nitakufundisha taratibu.

Nimeanza kupata wenyeji. Yuko mfugaji nyuki wa Tabora anayesalimia watu wote kila asubuhi, mmoja mmoja kwa majina. Mwanzoni niliona ni upuuzi, sasa akichelewa nauliza yuko wapi. Tena Doris amenipa kazi ya kuwafundisha wageni namna ya kueleza picha. Nikawaambia: msiandike mnachokiona, andikeni kile ambacho mwenzenu angeumia kukikosa. Wamelipenda neno hilo.

Elisifa


Marangu
Jumapili, 18 Mei 2025

Mwanangu,

Nimeelewa.

Simu nimempa Eunike aiweke kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Huku tunapalilia kahawa. Baridi imeshuka mapema mwaka huu na kule juu panaonekana peupe asubuhi, kisha wingu linafunika.

Ukija Krismasi utakaribishwa kama siku zote. Usipokuja, nyama yako italetwa na Rogath, na sitauliza kwa nini.

Ubarikiwe.

Baba


Njoro
Jumapili, 15 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi hata kwa mwalimu. Au unaumwa, na shangazi ananificha?

Nikupe ya Mafigani ucheke. Jamaa mmoja wa Dodoma, Tito, alifanya mzaha kuhusu mtoto wa mwenzetu, mzaha mbaya. Kihamba cha jirani kikatishia kufunga kinjia chote cha kuja kwetu. Kumbe wanaweza: wakikufungia, wewe na wote walioko kwako hamuonekani tena kwao, mwenye kosa na asiye na kosa. Doris alikesha akiongea nao. Mwisho Tito akajitokeza, akaomba radhi wazi, kwa jina lake, bila visingizio. Mama wa mtoto akamjibu, "Nimekusikia, yameisha." Yakaisha kweli, na asubuhi mfugaji nyuki akatusalimia wote kama kawaida.

Nilifikiria nyumbani, Baba. Huku mtu akikosea anaomba radhi, anasamehewa, watu wanaendelea na maisha. Mbona sisi wa damu moja tunashindwa? Hujawahi kuniomba radhi kwa yale. Sikulazimishi. Nasema tu kwamba nilikuwa nangoja.

Mwanao,
Elisifa


Marangu
2 Julai 2025

Elisifa,

Sianzi na salamu. Baba yako aliisoma barua yako ya mwisho akaketi uani hadi chai ikapoa, kisha akaniuliza kama naweza kumtafutia kisu akate masale yanayozuia njia. Hakuna masale yanayozuia njia. Ndipo nikaichukua ile barua nikaisoma, na ndiyo maana nakuandikia kabla hasira haijanitoka.

Unamwambia hajawahi kukuomba radhi? Mae! Una moyo wa namna gani?

Alikuletea isale. Wewe ni Mchagga au umeshakuwa kitu kingine? Tangu lini mtu akaletewa isale akakataa? Hata aliyemwaga damu ya ndugu yako, akija na jani lile mkononi, unalipokea na unakaa naye chini. Tena baba hampelekei mtoto isale. Huyu amejishusha hadi ardhini. Mwezi wa pili alikwenda asubuhi kwenye kaburi la mama yako, akachuma jani, akalifunga fundo, akalipiga picha na simu, akaliweka pale penu mtandaoni penye picha zako. Nilimwandikia kwenye karatasi, "Ndelilio, isale halitumwi. Linapelekwa kwa mkono." Akanijibu, "Nilimkosea mbele ya watu, nitamwomba mbele ya watu." Nikamwachia, maana yeye ndiye aliyesoma.

Akangoja. Kesho yake jibu lako likaja. Ulimwandikia: "Mzee, hilo jani mpe mbuzi." Alinionyesha. Picha yako ilikuwa hapo, unacheka, na jina lako. Juzi nimeitoa simu kabatini, nikampa Goodness wa jirani aichaji anisomee tena, nisije nikawa nakusingizia. Bado lipo.

Tangu siku ile hajaandika kule. Hajakusema kwa mtu. Ameniambia nisikuulize, na leo nimemvunjia amri.

Kama umebaki na chembe ya utu, usiandike. Njoo.

Shangazi yako,
Eunike


Njoro
Ijumaa, 4 Julai 2025

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nisamehe mwandiko.

Si mimi, Baba. Mbele ya Mungu na mbele ya kaburi la mama, si mimi niliyekujibu.

Mimi kule niliondoka Januari, siku chache baada ya yale maneno ya "rudi kwa mumeo". Niliifuta programu kwenye simu, basi. Sikuufunga ukurasa, sikubandika hata tangazo. Nilikuwa kama mtu aliyehama nyumba akaacha mlango wazi na nguo zake kwenye kamba. Kuna mtu, sijui ni nani, alichukua picha yangu na jina langu akatengeneza akaunti ya kufanyia watu mzaha, na huyo ndiye aliyekuandikia habari ya mbuzi. Jana baada ya kusoma barua ya shangazi nilirudi kule. Ukibonyeza jina lake unaona hana kitu kingine isipokuwa matusi. Wewe ungejuaje kubonyeza? Ni nani aliyekufundisha?

Na "jibu fupi" ulilonitajia mwezi wa nne, nilidhani unasema ile SMS yangu ya Januari, niliyokuomba uniache nipumzike. Nikakujibu kwamba nilimaanisha. Baba, nilikuwa nazungumzia SMS. Nimeisoma tena nakala ya barua ile kichwani usiku na mchana na kila neno linakuchapa upya.

Nimeona kila kitu. Nimeona kwamba toka Januari, kabla ya isale, ulikuwa unaniamkia kila asubuhi chini ya lile gauni. "Leo kuna ukungu." "Ng'ombe amegoma kukamuliwa, anamtaka Eunike." "Nimemwota mama yako anapepeta maharage." Hukujibiwa na mtu isipokuwa wacheshi. Kwa miezi hiyo mimi nilikuwa Mafigani namjibu mfugaji nyuki wa Tabora, mtu ambaye sijawahi kumwona hata kivuli, naona nimepata jamii inayosalimiana.

Nimeliona jani lenyewe. "Elisifa mwanangu, sikuuliza, nikachapa. Nimekukosea mbele ya watu. Nimelichuma kwa mama yako." Na chini ya tusi la yule mtu umeandika: "Nimeelewa, mwanangu. Ubarikiwe."

Kuna jingine lazima niliseme. Uliponiuliza kama wazee wanapokelewa Mafigani, nilikudanganya. Si pagumu. Sikutaka uje. Nilitaka mahali ambapo mimi si binti wa mtu. Jana nimemwuliza Doris, akanijibu muda uleule: "Karibuni sana, yupo na mzee wa Newala anayesoma tu bila kuandika." Kumbe ilikuwa kuuliza tu.

Isale lako nimelipokea. Nimelipokea kwa mikono miwili. Yameisha, Baba, yaliisha zamani ila hatukujua. Na mimi ndiye ninayekuomba msamaha sasa.

Shangazi amesema nisiandike, nije. Lakini kuna harusi Jumamosi ya wiki ijayo na magauni manne hayajapindwa, na bibi harusi analia kila siku hapa kibarazani. Jumapili ile ya tarehe kumi na tatu niko kwako asubuhi, kabla ya ibada. Barua itangulie ili usikae hata siku moja zaidi na lile jibu.

Isahihishe yote. Nikija niikute nyekundu.

Mwanao,
Elisifa


Marangu
Jumanne, 8 Julai 2025

Elisifa,

Rogath ana safari ya ziada leo, nimemwambia asishuke kwenye pikapu mpaka akukabidhi mwenyewe.

Barua yako ilifika jana. Baba yako alianguka juzi Jumapili akitoka zizini. Kiharusi. Upande wa kulia umelala na maneno hayatoki. Tulimpeleka hospitali, tumekupigia simu jana na juzi hatukukupata. Goodness anasema pengine namba tuliyonayo ni ya zamani, ile uliyobadilisha ulipowakimbia watu wako wa mtandaoni. Mimi sikuambiwa kwamba ulibadilisha.

Nilimpelekea barua kitandani. Nilimshikia karatasi mbele ya macho. Anatazama maandishi kama mtu anayetazama siafu wakipita, macho yanafuata mstari lakini hayashiki kitu. Daktari anasema kusoma kumeondoka pamoja na maneno, huenda kukarudi, huenda kusirudi. Nikamsomea sikioni kwa sauti yangu yote, wagonjwa wa wodi nzima wakakujua wewe na mbuzi na Doris. Yeye hakusikia. Alinishika tu mkono, akidhani nagombana na mtu.

Nimeisoma mimi, na nimekuamini. Nakuomba radhi kwa niliyokuandikia. Lakini ninyi wawili ni mtu na baba yake kweli: kila mmoja anatuma. Yeye alituma jani, wewe umetuma karatasi. Ungekuja siku uliyopata barua yangu ungemkuta Ijumaa amekaa uani, anaona, anasoma, anacheka na ndama.

Njoo leo. Magauni ayapinde mwingine.

Eunike


Marangu
Jumapili, 3 Agosti 2025

Dada Doris,

Nimeona salamu zenu zote za pole, hata ya mzee wa Newala ambaye mmesema hajawahi kuandika neno. Mfugaji nyuki ananiita kwa jina kila asubuhi ingawa simjibu. Mwambie nasoma. Nakuandikia wewe barua ya peke yako, ili simu yako ikusomee ukiwa umetulia.

Baba ametoka hospitali, tuko nyumbani. Nimeleta cherehani, nimeiweka sebuleni. Sitarudi Njoro kwa sasa. Ule ukurasa wangu wa zamani nimeufunga. Kabla ya kuufunga niliziandika kwa mkono salamu zote za Baba, kuanzia ile ya ukungu. Mlango wa yule mwigaji nao umefungwa baada ya kulalamika sana, lakini hilo halijamrudishia mtu kitu.

Uliniuliza kama nilifanikiwa kumwambia. Nitakueleza ilivyokuwa.

Siku niliyofika nilipitia kwanza nyuma ya nyumba. Nilichuma isale kwa mama, palepale alipochuma yeye, nikalifunga fundo kama shangazi alivyonielekeza. Mtu huyu hasikii, hasomi, hasemi. Nilijua kimebaki kitu kimoja anachoweza kukielewa. Nikalitunza, na siku waliyomrudisha nyumbani nilipiga magoti pembeni ya kitanda, nikaliweka kwenye mkono wake wa kushoto, ule mzima.

Alilipapasa. Akalifikia fundo, akasimama hapo. Kisha akaanza kunisukumia mkononi, anarudisha kwangu. Dada Doris, moyo ulinipasuka. Nilijiambia, amekataa, na ana haki. Nikalirudisha kwake, naye akalisukuma tena, kwa nguvu, na macho yake yalikuwa yananisihi. Shangazi Eunike ndiye aliyeelewa. Akanipiga begani, akasema, "Hakatai, mjinga wewe. Anakuomba. Bado yuko mwezi wa pili."

Ndipo nikalipokea. Nikainamisha kichwa nikaliweka kifuani. Akashusha pumzi ndefu, akalala.

Nilifikiri yamekwisha. Asubuhi nilipomletea uji alikuwa ameshalichukua jani kwenye stuli, ananinyooshea. Daktari alituambia, yale ya zamani anayo, ya jana hayakai. Anakumbuka kwamba alinikosea. Anakumbuka kwamba aliomba. Kwamba amesamehewa ndilo lisilokaa. Kila siku anaamka akiwa hajajibiwa.

Sina neno la kujifariji nalo, na naomba usinitafutie. Ningemjibu mara moja tu, mwezi wa pili, kwa maneno mawili, ningekuwa nimemaliza. Nilikuwa naujua uwanja mzima wa Mafigani, najua nani amechelewa kusalimia, na baba yangu amesimama na isale kwenye mlango niliouacha wazi. Nilifundisha watu kuandika kile ambacho mwenzao angeumia kukikosa.

Leo asubuhi Goodness alitupiga picha. Sitaiweka Mafigani, wala mahali popote. Nakuandikia maelezo yake tu, ili uione.

Ni chumba chenye dirisha moja. Nje kuna migomba, na nyuma yake ukungu. Mzee amekaa kitandani, ameegemea mito miwili, amevaa sweta la kahawia lililokosa kifungo kimoja. Mkono wake wa kulia umelala juu ya blanketi. Wa kushoto ameunyoosha, umeshika jani refu lenye fundo, ncha zake zimeanza kunyauka, itabidi nichume jingine kesho. Mbele yake yuko mwanamke aliyepiga magoti, kichwa chini, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Amefungua mikono yote miwili, ndiyo analipokea.

Kijani ni kile cha jani la mgomba kabla halijafunguka. Unakijua.

Elisifa